Saa ya GPS ya megahezi 10: kwa Mshtarii ndiyo, kwa hidrojeni sahau

Nimekaa na visanduku hivi viwili miezi minne sasa, kimoja kwa kila antena. Kinapokea setilaiti za GPS, kinajirekebisha kwazo, kisha kinatoa mapigo ya megahezi 10 ambayo kipokezi chako kinayafuata. Antena zangu za kusikiliza mawimbi ya redio ya angani ziko mbali mno moja na nyingine kuvutiwa waya, na bila saa ya pamoja rekodi mbili haziwezi kuunganishwa.

Nianze na chaja yake. Itupe. Siku ya kwanza nilipowasha, megahezi 20 yote ilijaa mngurumo, skrini ikachorwa mistari kama ya daftari. Nimekesha nikikaza viungio vya antena, kumbe mchawi yuko kwenye soketi ya ukuta. Nilipochomoa chaja na kufunga betri ya volti 12, mistari yote ikafutika. Mtu anatafuta minong'ono ya angani, nanyi mnamuuzia kelele ndani ya boksi!

Baada ya hapo sina ugomvi nacho. Taa ya kijani hutulia baada ya robo saa hivi, mradi ile antena ndogo ya sumaku iwe inaona anga; niliyoiweka chini ya paa ilikuwa ikipepesa tu. Usiku mmoja, Io, mwezi wa Mshtarii unaochochea milipuko yake ya redio, ikiwa mahali pake, milipuko ilitokea kwenye rekodi zote mbili na nilipozipandanisha zikakaa. Kwa megahezi 20 wimbi lina mita 15, na mzunguko mmoja huchukua nanosekunde 50, kwa hiyo visanduku vikipishana nanosekunde kumi na kitu unavumilia.

Mradi wa SunRISE wa NASA, wa setilaiti sita ndogo za kusikiliza milipuko ya Jua zikiwa zimetawanyika kama kilomita 10, nao unategemea GPS kuzioanisha. Masafa yake pia ni ya chini, mengine hata hayapenyi ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, kutufikia.

Lakini tangazo la muuzaji linasema "kwa astronomia yote ya redio". Hapo ameteleza. Mawimbi ya gesi ya hidrojeni ya angani yako megahezi 1420, wimbi la sentimita 21, mzunguko usiofika hata nanosekunde moja, kwa hiyo kule kupishana nanosekunde kumi kunapita mizunguko mingi. Nilijaribu wiki tatu, sikuambulia kitu. Kwa hidrojeni nimezisogeza antena karibu, kisanduku kimoja kinalisha vipokezi vyote viwili kwa waya.