Okidi za Kitalu cha Mbeya: Maua Mazuri, Vibandiko Vyenye Upungufu

Kitalu kimoja cha maua nje kidogo ya jiji la Mbeya kinauza okidi za Phalaenopsis zenye kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 38, yaani seti mbili, na zenye 76, yaani seti nne. Tofauti huonekana kabla hata ya kuuliza bei, kwa kuwa petali za seti nne ni nene, pana na zimegusana kingo, na hilo ndilo umbo la mviringo ambalo majaji wa maonyesho hulipa alama nyingi. Hata hivyo mmea wa namna hiyo kwa kawaida hukua polepole, na baridi ya Juni na Julai ya huku kwetu haitausaidia ukilazwa barazani.

Dosari kubwa ni vibandiko. Miche yenye kromosomu 57, yaani seti tatu, inayotokana na kuchavusha aina hizo mbili, imechanganywa na mingine bila alama yoyote, ilhali aghalabu haizai mbegu. Anayepamba sebule hatajali, bali anayetaka kuzalisha atapoteza miaka.

Nawapongeza, lakini, kwa kutouza okidi za porini za Kitulo, uwanda wa juu wenye hifadhi ya taifa, ambazo viazi vyake vimechimbwa mno kwa ajili ya chikanda, chakula cha Zambia kinachopikwa kwa viazi hivyo.