Gari jipya la Subaru WRX: ulinunue Kanada au uvuke hadi Marekani?

Kwa mkazi wa Kanada, kununua nyumbani ni rahisi: unalipa, unapewa namba za usajili, unaondoka na waranti isiyo na maswali.

Marekani bei hutamanisha, ila ibadilishe kwanza iwe dola za Kanada. WRX huundwa Japani (namba ya chesisi huanza na J), hivyo ongeza ushuru wa 6.1%, kodi ya bidhaa na huduma (GST) 5% na kodi ya dola 100 kwa kiyoyozi. Hati za gari ziifikie forodha ya Marekani saa 72 kabla ya kuvuka; wanaofika na gari bila kutanguliza hati hurudishwa. Kisha una siku 45 za ukaguzi wa RIV, msajili wa Kanada wa magari yaliyoingizwa nchini: taa za mchana, imobilaiza (kifaa cha kuzuia wizi). Je, waranti itatambuliwa Kanada? Pata jibu la maandishi kabla ya kulipa amana.