Skuta za watoto Dar: ipi ununue kama unataka mwili wa mtoto ufanye kazi

Wazazi wenzangu, ukipita Kariakoo skuta zimepangwa mpaka nje ya maduka, zinawaka taa zinapiga muziki, na mtoto atang'ang'ania ile yenye makelele kuliko zote. Subiri kwanza. Faida ya skuta ni kwamba mguu mmoja unabeba mwili mzima na mwingine unasukuma, hapo mapaja, makalio, vigimbi, tumbo na mgongo vyote vinafanya kazi huku mtoto anajifunza balansi. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za mazoezi kila siku, na hawa wetu wa ghorofani wanazipatia wapi?

Namba moja kwangu ni ya magurudumu matatu, mawili mbele moja nyuma, ile ambayo ukitaka kukata kona unaulaza mwili upande huo. Miaka 3 hadi 5 sioni ya kuishinda. Ubao wa kukanyagia uwe chini kabisa, ukiwa juu kila akisukuma inabidi akunje goti sana na ule mguu uliosimama unachoka mapema. Usukani uwe wa kupandisha, umfikie kati ya kiuno na kifua. Magurudumu ya plastiki ngumu achana nayo, yanateleza kwenye tailizi na kwenye pevingi yanatetemesha mikono balaa, chukua yenye mpira mpira.

Namba mbili ya magurudumu mawili, kuanzia miaka 6 hivi. Kwa barabara zetu nunua yenye gurudumu kubwa la milimita 200, maana madogo yananasa kwenye nyufa na kokoto mtoto anarushwa mbele. Kwenye mchanga hakuna skuta itakayoenda.

Zenye kiti ni za wadogo kabisa, kiti kiwe kinatoka.

Ya betri naiweka mwisho, mota ndo inamsukuma, miguu imesimama tu, hela nyingi na mazoezi hakuna.

Ukishanunua angalia anasukumia mguu gani. Wangu alikomaa na wa kulia tu, nikawa namwambia "badili" kila akifika kwenye geti la jirani, siku hizi anabadili mwenyewe. Na hela ya helmeti itoe kabla ya ya skuta, mvalishe hapo hapo dukani, ikae vidole viwili juu ya nyusi na isicheze akitikisa kichwa.