Vipandio vya umeme kwenye chumvi, barafu na tope: uchambuzi wa uimara wake

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua vipandio vya umeme, yaani vile vya kukanyagia ubavuni mwa gari ambavyo hushuka vyenyewe mlango unapofunguliwa na kujikunja chini ya gari mlango unapofungwa. Uzuri wake hauna haja ya maelezo marefu kwa yeyote aliyewahi kumpandisha mzazi wake kwenye pikapu iliyoinuliwa. Ninachotaka kukichunguza ni uimara wake katika hali mbaya ya hewa, na msimamo wangu nautoa mapema: mara nyingi mota si kitu cha kwanza kufa. Vinavyokufa mapema ni viungo na soketi za nyaya, na anayenunua kwa kuangalia nguvu ya mota peke yake anaangalia mahali pasipo na ugonjwa.

Kamera ikishuka hapa chini mtaona jinsi kinavyofanya kazi. Kila upande una ubao mrefu wa alumini unaobebwa na mikono miwili. Mkono mmoja unasukumwa na mota ya volti 12, wa pili unafuata tu. Kila mkono ni fremu ya pande nne inayochezea kwenye pini, na pini hizo hukaa ndani ya bushi, yaani mirija mifupi ambamo pini huzungukia. Mtindo huu una historia ninayoipenda. AMP Research, kampuni ya California ambayo jina lake limezoeleka sana katika soko hili, ilianzishwa na Horst Leitner, mzaliwa wa Austria na mwendeshaji wa pikipiki za mashindano, ambaye kabla ya vipandio alijulikana kwa kubuni sasipensheni ya nyuma ya baiskeli za milimani. Baiskeli ya milimani nayo huishi kwenye matope, na yeyote aliyeitunza anajua kwamba pini na bushi ndizo zinazoamua umri wake.

Sasa tuje kwenye chumvi, kwa sababu ndiyo adui mkubwa kwa sisi tunaoishi Minnesota na majimbo mengine ya Marekani yenye majira marefu ya baridi. Maji ya chumvi yanayonyunyiziwa barabarani kabla ya theluji hutengenezwa kwa takriban asilimia 23 ya chumvi, ilhali maji ya bahari yana takriban asilimia 3.5 tu. Chumvi ya kawaida hupungua nguvu sana joto linaposhuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, na kwa hiyo huongezwa kloridi ya magnesi au ya kalsiamu, ambazo zina tabia ya kufyonza unyevu kutoka hewani. Maana yake ni kwamba gari linaweza kuonekana kavu kabisa huku viungo vyake vya chini vikiendelea kulowana na kulika.

Kinachofuata ndicho ambacho watu wengi hukitafsiri vibaya. Alumini ya mkono ikigusana na boliti au pini ya chuma cha pua, na maji ya chumvi yakawa katikati, umeme mdogo hupita kati ya metali hizo mbili na alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe unaouona kwenye matundu ya pini ni alumini iliyokwisha kuliwa, nao huchukua nafasi kubwa kuliko metali yenyewe, hivyo huibana pini mpaka izunguke kwa shida. Mota hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, mkondo wa umeme hupanda, na kidhibiti, ambacho kimepangwa kusimamisha kipandio mkondo ukipanda ghafla ili kisibane mguu wa mtu, huamini kwamba kuna mguu na kusimamisha kazi. Mwenye gari anasema mota imekufa. Mota mpya inafungwa kwa gharama kubwa, inafanya kazi wiki chache kwa kuwa ina nguvu za upya, halafu hali inarudi palepale. Ninawasihi, kabla hujakubali kununua mota, mwambie fundi aichomoe kwenye mkono wake na kuuzungusha mkono kwa mikono yake mitupu. Ukigoma, tatizo liko kwenye pini.

Barafu hufanya kazi kwa njia nyingine. Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakiwa yamejificha kati ya ubao na bodi ya gari hukishikilia kipandio kikiwa kimekunjwa. Usikipige teke wala nyundo, na usikimwagie maji ya moto kwenye baridi kali, kwa maana maji hayo yataganda tena ndani zaidi. Magari mengi yana swichi au mpangilio wa kuzima vipandio. Vizime kabla ya usiku wa mvua ya barafu. Ila mkivizima waambieni abiria, hasa wazee, kwani mtu aliyezoea kukuta kipandio chini ya mguu wake hushuka bila kuangalia.

Kwenye maboksi mtakuta alama mbili ambazo wauzaji huzitaja kwa fahari. Ya kwanza ni IP67, ambayo huthibitisha kwamba vumbi haliingii na kwamba kifaa kinaweza kuzama kwenye maji hadi mita moja kwa dakika 30. Ni alama nzuri, lakini jaribio lake halihusu maji yanayorushwa kwa mgandamizo mkubwa. Kwa hilo kuna alama nyingine, IP69K. Wala jaribio la IP67 halihusu mota iliyopata moto kwa kufanya kazi kisha ikaingizwa ghafla kwenye mto wenye maji baridi, ambapo hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili (mpira wa kuzuia maji) iliyochoka. Ya pili ni saa za jaribio la ukungu wa chumvi. Katika kipimo maarufu cha ASTM B117, kifaa huwekwa ndani ya chumba chenye ukungu wa maji ya chumvi ya asilimia 5, kwa joto la nyuzi 35. Jaribio hilo linafaa kulinganisha rangi na rangi. Halina barafu, halina kokoto zinazochuna rangi, na halina mtu wa kilo 90 anayekanyaga ubao huku kukiwa na mchanga ndani ya bushi. Kwa hiyo saa nyingi za ukungu wa chumvi hazigeuki kuwa miaka ya barabarani, na muuzaji anayefanya hesabu hiyo mbele yako hakutendei haki.

Najua wengi wenu mnatazama kutoka Kenya na Tanzania, na msidhani kwamba kwa kuwa hamna theluji mmesalimika. Gari linaloegeshwa karibu na bahari Mombasa au Dar es Salaam hupata chumvi ya hewani mwaka mzima bila mapumziko. Udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika hujaa ndani ya mikono ya kipandio, na ukikauka huwa mgumu kama tofali; kipandio kikilazimishwa kufunguka katika hali hiyo, meno ya giaboksi ndogo ya mota ndiyo yanayobeba adhabu. Kisha kuna jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha, nalo ni magadi. Alumini hujilinda kwa ngozi nyembamba ya oksidi, na ngozi hiyo huyeyuka kwenye mazingira ya magadi makali. Vumbi na tope la ukingo wa Ziwa Magadi na Ziwa Natron, ambayo maji yake yana pH (kipimo cha uasidi na umagadi, ambapo 7 ni katikati) inayoweza kupita 10, lisiachwe kwenye vipandio hata kwa safari ya kurudi nyumbani ikiwezekana kuliosha njiani. Kwa sababu hiyohiyo ninapinga sabuni kali za unga zinazotumika kwenye sehemu nyingi za kuoshea magari.

Matunzo yenyewe si magumu. Shusha vipandio, osha viungo kwa maji mengi yasiyo na chumvi bila kuielekeza pua ya mashine kwenye mota wala soketi, acha vikauke, kisha pulizia silikoni kwenye pini. Usipake grisi nzito, kwa sababu hunasa mchanga na kuugeuza kuwa tupa inayosaga bushi. Soketi za nyaya zifunguliwe mara moja kwa mwaka, zikaguliwe kama zina rangi ya kijani, yaani kutu ya shaba, na kupakwa grisi maalumu ya vifaa vya umeme.

Kwa wale ambao magari yao hupanda mawe kila mwisho wa juma, sivipendekezi kabisa. Kipandio hakiwezi kubeba gari kwa jeki, na kikiwa kimeshuka huwa chini kuliko chasisi, kwa hiyo mlango ukifunguliwa juu ya jiwe ubao ndio unaopokea kipigo. Nyinyi mnahitaji reli za chuma za kulinda ubavu, zilizofungwa kwenye chasisi yenyewe. Kwa gari la familia ambalo huenda porini mara chache, nasema vipandio vinafaa, na vinafaa hata hapa kwenye chumvi, kwa sharti kwamba mwenye gari yuko tayari kuvipigia magoti kila mwezi wakati wa majira ya baridi.

Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama pini, bushi na soketi hupatikana peke yake, na kama dhamana inataja kutu waziwazi au inaiacha nje. Akikujibu kwamba kila kitu huuzwa kwa seti nzima tu, tafuta muuzaji mwingine.