Mafunzo ya ujasiriamali kwa watafiti wa uraibu: uzoefu wangu

Wenzangu kadhaa, wengi wao Watanzania na Wakenya wanaofanya utafiti huku Marekani, wameniuliza kama mafunzo haya yana maana au ni kupoteza muda. Jibu la mkato: yana maana, ila si kwa kila mtu, na si kwa sababu zinazoandikwa kwenye tangazo. Tangazo linaahidi utatoka na kampuni. Mimi sikutoka na kampuni. Nilichopata ni jambo ambalo miaka yote ya maabara haikunifundisha: kwenye matibabu ya uraibu, anayetumia kitu, anayekiagiza na anayekilipia ni watu watatu tofauti, na ukimridhisha mmoja tu bado huna biashara.

Chuo kinachoyaendesha sitakitaja, maana nina malalamiko huko mbele. Fedha zinatoka NIDA, taasisi ya taifa ya Marekani inayogharamia utafiti wa dawa za kulevya, kwa hiyo mshiriki halipi ada. Vipindi ni vya jioni kwa Zoom, pamoja na siku chache za kukutana ana kwa ana, na kila timu inapewa mlezi kutoka kwenye biashara. Mtindo ni ule wa I-Corps, ambao NSF, shirika la serikali ya Marekani linalogharamia sayansi, iliuanzisha mwaka 2011 kwa kufuata kozi ya mjasiriamali Steve Blank pale Chuo Kikuu cha Stanford: achana na mpango wa biashara wa kurasa nyingi, toka ukaongee na watu. I-Corps yenyewe inataka timu ifanye mahojiano yasiyopungua 100. Sisi tulipangiwa machache zaidi na bado yalitutoa jasho.

Timu yetu ilikuwa na kifaa cha kutunzia methadoni, dawa ya kunywa inayotibu uraibu wa heroini, ambayo mgonjwa anakwenda nayo nyumbani. Kwa miongo mingi mgonjwa wa methadoni Marekani alilazimika kufika kliniki karibu kila siku kunywa dozi yake dirishani. Korona ilipoingia, Machi 2020, serikali ikaruhusu wagonjwa walioimarika wapewe dozi za hadi siku 28, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikaingizwa kwenye kanuni za kudumu. Sasa chupa nyingi zinalala majumbani, na kliniki zinaogopa zisinywewe na watoto au zisiuzwe mtaani. Kisanduku chetu kilikuwa na kufuli la kielektroniki, kinafunguka saa ya dozi tu, kisha kinapeleka taarifa kliniki. Maabara nzima ilikipenda.

Muuguzi mmoja wa dirishani ndiye aliyetufumbua macho. Alituonyesha visanduku vya chuma ambavyo wagonjwa wanatakiwa kuja navyo siku ya kuchukua chupa, vile vya kuhifadhia fedha vinavyouzwa kwenye duka lolote. Kisha akatuonyesha wanavyovibeba: kimoja kwenye begi la nepi za mtoto, kingine kwenye mfuko wa chakula cha mchana, kingine kimefungwa ndani ya sweta. Kwenye basi linalopita pale, alisema, kila abiria anajua kisanduku kile maana yake nini. Mgonjwa tuliyeongea naye baadaye alituambia kufuli lake la dola chache halijawahi kumsumbua, kinachomsumbua ni macho ya watu. Na sisi tulikuwa tumetengeneza kitu kikubwa kuliko vyote vile, tena chenye taa inayowaka. Hakuna makala ya kisayansi niliyosoma iliyonieleza habari ya begi la nepi.

Halafu likaja suala la fedha. Mkurugenzi wa kliniki moja alitusikiliza kwa adabu hadi mwisho, akauliza swali moja tu: nani analipa? Tangu Januari 2020 Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, inazilipa kliniki za methadoni kwa fungu moja la wiki: dawa, ushauri nasaha na vipimo vyote humo humo. Kisanduku hakimo. Kliniki ikikinunua, inajikata mfukoni. Mgonjwa hana hela, na bima haina mstari wa kukiandika.

Hapo ndipo mkufunzi alipotuletea mkasa wa kampuni ya Pear Therapeutics, na kwangu hicho kilikuwa kipindi bora kuliko vyote. Programu yao ya simu, reSET, ilitokana na utafiti uliogharamiwa na NIDA. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu itumike kwa agizo la daktari, ya kwanza ya aina yake kwa ugonjwa wa uraibu. Sayansi ilikuwapo, kibali kilikuwapo, madaktari waliiandika. Mashirika mengi ya bima hayakulipa, na Aprili 2023 kampuni ikaomba kufilisika. Darasa zima lilinyamaza. Karibu kila mmoja wetu alikuwa na wazo lililofanana na lile.

Mfano wa pili ulikwenda upande mwingine. Naloksoni, dawa ya kumrudisha aliyezidisha heroini au fentanili, ilipata kibali cha FDA mwaka 1971 kama sindano. Kwa miaka mingi watu wa huduma za dharura waliunganisha wenyewe bomba la sindano na kipulizia ili waipitishe puani, jambo ambalo lebo haikuliruhusu. Narcan ya kupulizia puani ilikubaliwa Novemba 2015, NIDA ikiwa imeshirikiana na kampuni ndogo kuitengeneza, na Machi 2023 ikaruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Dawa ni ile ile. Kilichoongezwa ni namna ambayo jirani au mzazi anaweza kuitumia bila kujua kudunga. Nilikuwa nikidhani ugunduzi ni lazima uwe molekuli mpya.

Somo la hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi, lilikuwa fupi na zuri. Chini ya sheria ya Bayh-Dole ya 1980, ugunduzi uliofanywa chuoni kwa fedha za serikali kuu unaweza kubaki mali ya chuo, kwa hiyo kampuni yako mwenyewe itabidi iombe leseni kwa mwajiri wako. Pia ukishaonyesha kazi yako hadharani kwenye mkutano, Marekani inakupa mwaka mmoja wa kuomba hataza, lakini Ulaya unakuwa umeshaikosa. Profesa wangu hajawahi kunitajia hilo, na mabango tuliyoonyesha mikutanoni ni mengi mno.

Sasa malalamiko. Sehemu kubwa ya mafunzo inakuelekeza kwenye SBIR, ruzuku za serikali ya Marekani kwa kampuni changa. Hakuna aliyetuambia, mpaka nilipouliza mwenyewe, kwamba kwa kawaida zaidi ya nusu ya kampuni inayoomba inatakiwa kumilikiwa na raia wa Marekani au wenye ukaazi wa kudumu, na kwamba mtafiti mkuu anatakiwa awe ameajiriwa hasa na kampuni hiyo. Kwa mtu aliye kwenye viza ya chuo, mlango huo umefungwa mpaka apate mbia na karatasi. Nusu ya darasa letu tulikuwa wageni! Hili lilistahili kusemwa siku ya kwanza. Nilipolilalamikia nikapewa barua pepe ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, basi.

La pili ni walezi. Wetu alikuwa mtu mwema, aliyepata fedha zake kwenye programu za maduka ya mtandaoni, na kila tulipomtajia bima alirudi kwenye matangazo na idadi ya watumiaji. Timu ya jirani ilipewa mama aliyewahi kutibiwa uraibu na sasa anaendesha huduma ya washauri rika. Tulikuwa tunajipenyeza kwenye vikao vyao.

Nilimpigia rafiki yangu anayefanya kazi kwenye kliniki ya methadoni Dar es Salaam, nikijua kwamba nyumbani huduma hii ipo tangu Muhimbili ilipoanza mwaka 2011, na mgonjwa hailipii. Akacheka. “Kaka, shida ya huku nauli, siyo kufuli. Mtu anatembea toka mbali na arosto juu, wewe unaniletea kisanduku cha taa?” Arosto ndiyo yale maumivu ya kukosa dawa. Huko mlipaji ni serikali na wafadhili wa nje, kwa hiyo somo zima la bima za Kimarekani utaliacha uwanja wa ndege. Zoezi la kukaa na muuguzi wa dirishani, hilo unaweza kulianza hata kesho bila ruzuku ya mtu.

Kwa hiyo ningemshauri nani ajiunge? Mwenye kifaa, programu ya simu au huduma inayomgusa mgonjwa moja kwa moja, aende. Mwenye molekuli iliyo bado kwenye panya asubiri, atachoka bure. Na ukikubaliwa, kabla hujasaini, waombe mlezi aliyewahi kuuza kitu kwa shirika la bima au kwa kliniki. Wakisema watakupangia baadaye, sisitiza.