Tochi ya UV ya nanomita 365: nzuri sana, ila usichague kwa wati
Kwa wanaoulizia hizi tochi za UV (mwanga wa urujuanimno), mi nimetumia ya nanomita 395 na ya 365, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake, na nasema chukua ya 365 hata kama ile nyingine inaonekana kali zaidi. Ile ya 395 inatoa zambarau nyingi sana ya kuonekana kwa macho, sasa ukimulika noti kuangalia alama za siri zambarau inazimeza, wakati ya 365 yenye kichujio cheusi mbele mwanga wake huuoni sana, alama ndo zinawaka.

Watu wengi wanauliza wati tu. Wati ni nishati inayotumika kwa sekunde, haikwambii kila fotoni, yaani kila chembe moja ya mwanga, imebeba kiasi gani, hiyo inategemea masafa ya mwanga basi, mawimbi mangapi kwa sekunde, na nanomita zikiwa chache masafa yanakuwa makubwa. Fotoni ya 365 ina kama elektronivolti 3.4 (hicho ni kipimo kidogo sana cha nishati), ya 395 ina 3.1, ya leza nyekundu ya 650 ina 1.9 hivi. Chukua stika ya kung'aa gizani uimulike na taa nyekundu hata nusu saa, haichaji, leta hii UV sekunde mbili tu inang'aa, kwa sababu elektroni inapokea fotoni moja moja na zile dhaifu za taa ya kawaida haziungani kusaidiana, hata ziwe nyingi vipi. Mi hapo ndo napapenda kuliko kitu chochote kwenye hii tochi, fizikia aliyoieleza Einstein 1905 unaiona mkononi.

Na ndani ya LED yenyewe, ile taa ndogo ya tochi, ni elektroni hizohizo, elektroni inasukumwa na betri inaangukia kwenye tundu (nafasi iliyokosa elektroni) la semikondakta na nishati inayopoteza inatoka kama fotoni, ndo maana inataka volti 3 na kitu, betri moja ya 1.5 peke yake haiwashi.

Kisichonifurahisha, boksi limeandikwa inaua vijidudu. Hapana jamani, kazi hiyo ni ya UVC, aina ya UV ya chini ya nanomita 280, hii ni UVA, aina yenye fotoni dhaifu zaidi. Walimu pia, msiitegemee kuondoa chaji hasi kwenye bati la zinki, zinki inataka fotoni ya elektronivolti 4.3 hivi ndo iachie elektroni, hii haifiki. Halafu hawajaweka miwani ya kukinga UV na jicho haliufinyii mboni mwanga lisiouona, kwa hiyo nunua miwani kabisa kabla hujaiwasha. Nyota nne, ya tano nimewanyima kwa hayo maandishi ya vijidudu.