Pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye nyumba ya zamani: uzoefu wangu

Nyumba yetu ya Temeke ilijengwa mwaka 1974, na mabomba yake yalikuwa yale ya chuma. Bomba la mvua bafuni lilishakuwa pambo, tunaoga kwa kopo. Sasa tumefunga pampu ndogo ya kuongeza presha, ya wati 120, na imeshapita masika na kiangazi. Naisifia, ila kwa masharti.

Kabla hatujanunua chochote, fundi alikinga ndoo kwenye koki ya tangini, kisha akakinga ileile jikoni. Ya tangini ilijaa hata hajamaliza kusalimiana na mama. Ya jikoni ilichuruzika weee! "Mama, tangi halina kosa. Njiani humu ndiko kuna kitu." Akakata kipande cha bomba la robo tatu ya inchi nyuma ya choo: kutu tabaka juu ya tabaka, penseli inapita kwa shida. Ndiyo kazi ya maji ya kisima yenye chumvi.

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Pampu hizi huwashwa na swichi inayohisi maji yakitembea. Yakiwa yanadondoka tu, haiwaki. Na hata ikiwaka, bomba lililoziba hailizibui. Tuling'oa chuma chote tukaweka PPR, yale mabomba ya plastiki ya kuchomelea, inchi moja kutoka tangini, robo tatu kwenda bafuni. Kazi hiyo ilikula hela kuliko pampu, ambayo niliipata kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa laki na nusu.

Jikoni sasa hata hatuihitaji. Bafuni ni lazima, kwa sababu mnara wetu wa tangi una mita 2 tu, na ili upate presha ya bar 1 unahitaji kimo cha mita 10 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Ukifungua inawaka yenyewe, inanguruma kama friji. Umeme ukikatika maji yanapita humohumo, taratibu.

Kero yake: ukifungua koki kidogo sana inawaka inazima, inawaka inazima, mpaka mtoto anaamka. Halafu haiji na chujio. Nunua, maana mchanga wa tangini ukiingia kwenye swichi inaganda. Na muuzaji akikwambia uifunge moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, usikubali. Itavuta maji ya majirani, na penye ufa itavuta hata uchafu wa ardhini. Mahali pake ni baada ya tangi.

Angalieni pia ule mshale ubavuni mwa pampu, unaoonyesha maji yanakokwenda, uelekee bafuni. Jirani yangu alifungiwa ya kwake kinyume, akairudisha dukani akidai ni mbovu.